Okello Hawezi Kutangulia

Dorine, bibi ya kijana yangu Elkana, hajui kukaa. Mpe kiti, atakalia ukingo tu kama kuku anataka kuruka. Tunamwita nyar Sindo, msichana wa Sindo, juu Elkana alimtoa huko, na watu wa ziwa wana haraka. Lakini ile wiki ya mwaka wa tisini na saba hata mimi nilimwonea huruma, na huruma mimi sina nyingi.

Alikuwa ameandikwa Homa Bay, kwa ofisi ya mradi mmoja wa chanjo. Akija nyumbani Kosele, Jumamosi anasali, Jumapili ananieleza kazi yao. Ati ofisi ni moja lakini kazi ni nne. Kuna Mwikwabe, kijana Mkuria wa Migori, huyo anazunguka boma kwa boma na fomu anauliza watu maswali. Dorine anachukua hizo fomu anazipiga kwa kompyuta. Halafu Cephas, ndiye anaitwa mchambuzi. Yeye hafiki kwa watu. Anachukua namba kwa kompyuta, anazipanga, anachora mistari ya kuonyesha wapi kumepanda na wapi kumeshuka. Juu yao wote ni Bichage, mkubwa, anasoma karatasi moja ya Cephas kisha anaamua dawa iende wapi.

Nikamuuliza, na kujua kama namba ni ya kweli ni kazi ya nani? Akainuka kwenda kuangalia sufuria, na sufuria haikuwa kwa moto.

Sasa hiyo Jumapili alikuja na maneno mabaya. Friji ya chanjo ya zahanati yetu inahamishwa Rodi Kopany. Lori inakuja Ijumaa. Karatasi ya Cephas imesema Kosele haina watoto, kila boma mmoja, wawili. Na mwaka uliopita surua ilipita hapa. Walioenda siwataji. Friji ikienda, mama atabeba mtoto mpaka Rodi, na wengine hawatabeba, nawajua kwa majina.

Watoto walipotelea wapi? Hawakupotea. Sisi hatuhesabu watoto. Mtoto si ndizi ya soko. Ukimhesabu kwa mdomo unamwonyesha kifo mahali amelala. Mwikwabe alisimama kwa mlango yangu akauliza wako wangapi, nikamwambia mmoja, na wajukuu walikuwa nyuma ya nyumba wanapigana. Kila mama alifanya hivyo. Sijutii. Angeuliza vizuri.

Jumatatu Dorine akaenda kumwambia Cephas vile wamama walificha watoto. Huyo Cephas, mtu wa tai na viatu ya kung'aa, akamwambia hiyo ni hadithi ya wamama. Yeye mwenyewe anasoma namba, hasomi hadithi, na kama iko na makosa aonyeshwe ndani ya fomu. Dorine akamuuliza Mwikwabe. Mwikwabe akasema yeye anaandika kile mama amesema, kazi yake inaishia hapo. Yaani kila mtu amesimama kwa kamba yake kama mbuzi, na hakuna mbuzi anaona shamba yote.

Dorine hakula siku mbili. Alitoa fomu za Kosele kwa kabati, zaidi ya mia tatu, akazisoma moja moja, zile zile alikuwa amepiga kwa kompyuta bila kuangalia. Jumanne jioni ndiyo akaona. Fomu moja: watoto mmoja, jina Okello. Nyingine: mmoja, Akello. Nyingine tena: wawili, Okello na mdogo wake.

Kama hujazaliwa kwetu hutaona kitu hapo. Lakini Okello ni yule anazaliwa nyuma ya mapacha. Pacha wa kwanza ni Opiyo, wa pili Odongo, ndiyo Okello afuate. Akello ni hivyo hivyo kwa msichana. Hakuna mama anazaa Okello kwanza. Na Dorine alikuwa na akina Okello na Akello kumi na tisa, hawana pacha hata mmoja mbele yao.

Akampelekea Cephas. Cephas aliangalia hizo fomu muda mrefu, lakini akasema pengine mapacha walikufa. Mapacha hufa sana. Hiyo ilimchoma Dorine juu ilikuwa jibu ya akili. Angemtukana ingekuwa afadhali.

Jumatano asubuhi alikuwa Kosele, viatu mkononi, matope mpaka magoti. Akaenda zile boma kumi na tisa. Hakuuliza wangapi. Aliuliza nani anakula hapa, na mama wanataja: huyu Opiyo, huyu Odongo, yule mbaya hapo ni Okello, mdogo ni Atieno. Kutaja jina si kuhesabu. Dorine anasikiliza mikono mitupu, hata kalamu hashiki. Akitoka kwa lango, akifika barabarani, ndiyo anaandika. Kwangu pia alifika.

"Mama, nani anakula hapa?"

"Unajua wewe. Unapika."

"Nitajie tu."

Nikamtajia. Nilichukua muda, juu nilitaka achelewe kidogo aone vile kungoja kunauma. Hakukasirika. Alikuwa anapiga mguu chini tu, tap, tap, mpaka nikamaliza.

Mapacha wa boma mbili ndio walikuwa wamekufa. Wale wengine wote walikuwa hai, wengine wanachunga ng'ombe.

Alhamisi aliingia kwa mkutano wa wakubwa wa ofisi bila kuitwa. Bichage akamuuliza yeye ni nani kwa hiyo meza. Dorine akamjibu akiwa wima:

"Mimi ndiye nilipiga hizo namba. Nilizipiga bila kuzisoma, hiyo makosa ni yangu. Ukihamisha friji kesho, hiyo itakuwa yako."

Akaweka fomu kumi na tisa za zamani na kumi na tisa mpya, kando kwa kando. Bichage akasoma nne, akamgeukia Cephas amweleze. Na Cephas, nitasema ukweli hata kama simpendi, hakujificha. Alisema huyu mama ameona kitu ambayo yeye hangeona kwa kompyuta miaka kumi.

Ijumaa lori haikuja. Jumapili ndiyo wakaja wenyewe, Bichage na Cephas na dawa ya surua, waone kwa macho. Nesi Helen wa zahanati yetu akafungua mlango saa mbili. Saa sita dawa ikaisha, na wamama walikuwa bado wamejaa mpaka kwa posho mill ya kusaga unga, kila mmoja na mtoto mgongoni na wengine wameshika leso yake. Bichage alivua kofia. Akamwambia Helen friji inakaa, na ataleta ya pili.

Cephas alikuwa amesimama kwa mstari, kidole juu, midomo inatembea: kumi na moja, kumi na mbili. Nilimpiga huo mkono, na sikupiga polepole.

"Uliza majina," nikamwambia.

Akapiga magoti kwa vumbi na suruali yake ya ofisi, akamuuliza mtoto wa kwanza anaitwa nani. Nilitafuta Dorine aone. Alikuwa ameshatoka, anaelekea boma za ng'ambo ya mto na fomu kwapani.