Tochi Iliyowaka Mdomoni mwa Selestine

Geita, 1996

Ni saa tatu asubuhi. Duka la Mzee Ramniklal limejaa harufu ya sabuni ya mche na mafuta ya taa, na Selestine Mabula amesimama mbele ya kaunta akiikodolea macho tochi kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

Tochi yenyewe ni ndogo, ya bati la rangi ya fedha, urefu wake haupiti kidole cha kati. Inatumia betri moja nyembamba. Inaingia kwenye mfuko wa shati, inaingia ndani ya ngumi, na kwa wachimbaji wa dhahabu wa huku, jamani, inaingia mdomoni. Hapo ndipo penye balaa.

"Hiyo hapana, Mzee," anasema Selestine na kurudi nyuma. "Niondolee hiyo."

Mzee Ramniklal anashangaa. "Si ndiyo hii hii uliyochukua mwaka jana? Ukaing'ata hapa hapa mbele yangu, mpaka nikakwambia hii siyo muwa!"

Selestine, ambaye wenzake wanasema ni mtu wa utani kutwa nzima, hacheki. Anayejibu ni mkewe, Agnetha, ambaye mtaani kwao hakuna anayemwita jina hilo. Wanamwita Mama Marselino.

"Mzee wetu, hiyo tochi ilikuwa imzike huyu," anasema. "Imzike huku inawaka."

Mwenye duka anaishusha tochi juu ya kaunta polepole. Habari hizo hazikuwa zimemfikia.

Selestine ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Kishapu, akalima pamba huko mpaka pamba ikamshinda, akaja Geita mwaka 1989 na jembe moja na blanketi. Leo anafanya kazi kwenye kilima cha Isenga, na kazi yake ni ya kipekee. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likikaa muda bila mtu kuingia, yeye ndiye anayeshuka kwanza kutazama kama matimba, yaani magogo yaliyoshikilia kuta, bado ni mazima. Akitoka salama, ndipo wengine washuke.

"Wenzangu wanaogopa. Na mimi naogopa vilevile, tusidanganyane," anasema. "Ila mimi kwa woga wangu naongezwa kiroba kimoja cha mawe."

Hicho kiroba si haba. Katika viroba ishirini vinavyotoka chini, wachimbaji wote hugawana sita, vingine vinakwenda kwa mwenye duara na mwenye eneo. Kuna mwezi kiroba cha Selestine kinatoa dhahabu ya kulipia ada na unga. Kuna mwezi kinatoa vumbi tu.

Zamani alikuwa akishuka na koroboi, kile kitaa cha kopo chenye utambi. Moshi wake ulimchoma macho, na tone la maji kutoka ukutani lilitosha kukizima. Lakini waliobaki juu walikuwa na desturi moja: macho yao hayakutoka kwenye ule mwanga. Ukizimika, kamba iliyofungwa kiunoni kwa aliyeshuka ilivutwa papo hapo, hakuna kuulizana. Mara nyingi walimvuta mtu mzima kabisa, aliyezimiwa na tone la maji, akafika juu akiwatukana.

"Tulikuwa na msemo wetu," anasimulia Gregory, mshika kamba wa duara analoshukia Selestine. "Mwanga upo, mtu yupo. Tumeishi na huo msemo miaka."

Halafu zikaja hizi tochi ndogo. Loh, zilipokelewa kwa vigelegele! Mchimbaji anaposhuka, mikono yote miwili iko kazini, anashika vishikio vilivyochongwa ukutani. Tochi kubwa aishike na nini? Hii ndogo aliing'ata, akaendelea na safari yake.

"Ukienda kununua tochi ya machimboni huulizi inamulika mpaka wapi," anasema Selestine. "Unaing'ata kwanza. Ikikaa vizuri kwenye meno, hiyo ni ya kwako. Mimi nilijaribu nne, wauzaji wakanifukuza madukani."

Koroboi zikatupwa. Kilima kizima kikang'ata tochi, na msemo wa mwanga upo, mtu yupo ukaendelea kama ulivyokuwa. Hakuna hata mmoja, si mwenye duara, si mshika kamba, si Selestine mwenyewe, aliyesimama akajiuliza kama tochi nayo inaufahamu huo msemo.

Mwezi Machi mwaka huu mvua zilinyesha sana na duara likafungwa. Zilipokata, Selestine akaitwa. Alifika asubuhi, akafunga kamba kiunoni, akaing'ata tochi yake, akashuka mita arobaini kama alivyozoea.

Juu walibaki wanaume watano. Walichungulia, wakauona mwanga chini, unang'aa vizuri ukutani. Wakawasha sigara. Wakaanza kubishana habari za mpira.

"Tulijua anakagua matimba," anasema Gregory. "Hatukuwa na wasiwasi wowote. Kila tukitazama, mwanga huo hapo. Tena ulikuwa mzuri kweli, betri ilikuwa mpya."

Agnetha alikuwa ameleta uji. Kwa kawaida huuacha mbali, chini ya kichuguu, kwa sababu machimbo mengi ya huku yanaamini mwanamke akikaribia mdomo wa duara dhahabu inakimbia. Siku hiyo alisubiri. Uji ukapoa. Akaita, hakuna aliyejali. Basi akajifunga khanga kiunoni akapanda mwenyewe.

"Mama Marselino, rudi!" Gregory alimfokea. "Unataka kutufungia riziki?"

Hakurudi. Alifika mpaka kwenye mdomo wa duara, akainama, akatazama chini. Anasema alitazama kwa muda wa kumeza mate mara mbili au tatu, halafu akawageukia.

"Nikawauliza, mbona huo mwanga hausogei?"

Wanaume watano wakasogea kuchungulia.

"Mume wangu huyo namjua," anaendelea Agnetha. "Hata akilala hatulii. Mtu ana tochi mdomoni, anahema, anageuka, mwanga unatulia vipi hivyo? Nikapiga kelele. Nikasema vuteni! Vuteni, mnangoja nini?"

Walivuta. Kamba ilikuwa nzito, nzito kwa namna ambayo mtu aliye hai haiachi iwe hivyo. Selestine alipotokeza juu, shingo ilikuwa imelala upande, midomo imekuwa ya bluu, macho nusu wazi. Na tochi, Mungu wangu, tochi ilikuwa bado katikati ya meno, inawaka. Ilimmulika Gregory usoni.

Gregory alidondosha kamba, bahati wengine walikuwa wameishika. Mmoja wa wale watano alikimbia moja kwa moja mpaka barabarani, na hajarudi Isenga hadi leo.

"Nilidhani maiti inanitazama," anasema Gregory. "Sisemi kwa utani."

Ilibidi wamfungue taya kwa mpini wa kijiko cha uji. Jino moja la mbele likavunjika. Walimpepea, wakammwagia maji, Agnetha akamkalia kifuani akimpigapiga na kumwita kwa jina la mtoto wao, Baba Marselino, Baba Marselino, mpaka akakohoa. Alilala zahanati siku nne, kichwa kinamgonga, hajui hata ni mwezi gani.

Kilichompata kinajulikana na kila mchimbaji mwenye mvi. Duara likikaa limefungwa, hewa nzito hutuama chini kama maji kisimani. Haina harufu, haina rangi. Moto ukikutana nayo unakufa, na zamani kifo cha ule moto ndicho kilichowaokoa watu. Tochi haihemi. Itamulika hewa nzuri, itamulika hewa mbaya, itamulika mtu anayekata roho, kwake yote sawa.

"Mimi kuna jambo linaloninyima usingizi," anasema Selestine. "Siyo kwamba nilianguka. Kuanguka ni ajali. Ni kwamba ningeoza mle chini, na wenzangu juu wanasema Selestine yupo, si mnaona anamulika?"

Hata hivyo anarudi. Duara litafunguliwa upya Jumatatu, na shamba la Kishapu halijabadilika tabia. Agnetha naye hamzuii. Ana sharti moja tu, nalo ndilo lililowaleta dukani pamoja: tochi anachagua yeye.

Mzee Ramniklal, baada ya kusikia yote haya, ameketi. Kisha anainuka na kuanza kutoa alichonacho. Anatoa tochi ya betri mbili.

"Hii ina kitanzi, anaivaa shingoni. Mdomo unabaki wazi, anaweza kuita."

"Akianguka, itaendelea kuwaka?" anauliza Agnetha.

"Hii? Hii hata ukiipiga chini inawaka, mama. Imara kabisa!"

"Basi irudishe."

Anatoa nyingine, yenye mkanda wa kufunga kichwani. Selestine anaipenda, unaona mkono unaijia. Agnetha anauliza swali lile lile, na jibu ni lile lile. Mwenye duka anaanza kuchoka.

"Mama Marselino, tochi gani utakayopata isiyowaka? Watu wanakuja hapa wanataka inayodumu!"

"Hao watu hawajaona nilichokiona," anasema Agnetha, kwa sauti ya chini. "Koroboi itatangulia kwa kamba, hilo tumeshakubaliana. Lakini kule chini kuna pango la pembeni, linadondoka maji, huko koroboi haiingii. Huko ataingia na tochi peke yake, na mimi juu nitaona mwanga tu. Sasa mimi nitajuaje?"

Mzee Ramniklal anakuna kidevu. Anaingia stoo na kutoka na boksi lenye vumbi. Ndani yake mna tochi za kuminya, zisizotumia betri. Zina kishikio cha bati, unakiminya mfululizo kwa kiganja, kigurudumu cha ndani kinazunguka, globu inawaka. Anasema hazijanunuliwa tangu zifike. Watu wanalalamika kwamba mkono unachoka, na ukiacha kuminya tu, giza.

"Ukiacha kuminya inazimika?" Agnetha anaishika kwa mikono miwili.

"Pale pale. Ndiyo maana haiuziki."

"Tufungie hiyo."

Selestine anaitazama, kisha anamtazama mkewe. Vishikio vya ukutani atavisahau, maana mkono mmoja utakuwa na kazi. Gregory na wenzake watamshusha kwa winchi, lile gogo la kuzungushia kamba, taratibu, wakitaka wasitake. Na Agnetha ameshasema atakaa pale pale mdomoni mwa duara, na dhahabu kama inakimbia wanawake basi ikimbie.

"Nikitoka salama Jumatatu, nitawaambia wote Isenga waje wachukue hizi," anasema Selestine. "Wacheke kwanza, halafu waje."

Anaichukua tochi, anaanza kuiminya. Inaunguruma kwa sauti ya kukwaruza, na globu inatoa mwanga wa njano hafifu juu ya magunia ya chumvi. Ananyoosha mkono, anamulika dari, anamulika rafu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu na pengo lake. Mzee Ramniklal anamuuliza kama anahitaji na betri za redio. Selestine anageuka kumjibu, na kiganja kinasahau kazi yake.

Mwanga unakatika.

"Baba Marselino!"

Ni ukelele, mchana kweupe, katikati ya duka. Mteja mmoja mlangoni anaangusha chupa yake ya mafuta. Agnetha amemkamata mumewe mkono kwa nguvu zote, na uso wake umebadilika kabisa.

"Nipo, mama," anasema Selestine. "Nipo hapa."

Anaminya tena.