Jina la Mtu wa Pangoni

"Kogo, kwani huyo mtu alikuwa anaitwa nani?"

Brenda alikuwa darasa la nne alipomuuliza nyanya yake hivyo. Walikuwa wamesimama kwenye mdomo wa pango lililo chini ya shamba lao, Ainabkoi, pale ambapo Kogo Taprandich alizoea kufungia mbuzi wakati wa mvua. Mbuzi walikuwa wamehamishwa. Watu wa chuo kikuu kule Chepkoilel walichimba shimo la mraba, wakakuta majivu ya kale, kisha vipande vya mawe vikali kama wembe, na siku hiyo wakatoa kipande cha taya, meno yakiwa bado yamo. Amondi, msichana wa Kisumu aliyekuwa akisomea mambo hayo, alisema mwenye meno hayo aliota moto hapo maelfu na maelfu ya miaka kabla mtu yeyote hajapanda mahindi.

Kogo alimgeukia Amondi akamuuliza swali lilelile. Amondi akamwonyesha herufi na namba zilizoandikwa kwenye mfuko waliotia taya hilo.

"Hiyo ni namba ya gari, msichana wangu," Kogo akasema. "Mtu mwenyewe anaitwaje?"

Walicheka wote, hata Kogo. Lakini jioni hakula vizuri. Kwao, mtoto akizaliwa, akina mama humnusisha ugoro kidogo huku wakitaja majina ya waliokufa, na jina atakalolipigia chafya ndilo la yule aliyerudi kupitia kwake. Sasa huyu wa pangoni hakubakiwa na hata mmoja wa kumtaja. Angeitwaje ndio arudi? Jirani yao Johnstone alimtania kwamba huyo alikuwa nusu nyani, mama wa kanisa kama yeye amhurumie ya nini. Kogo akamwambia nyani hawashi moto, na amwache.

Taya lilipopelekwa kwenye makumbusho Nairobi, alilisindikiza mpaka barabarani vile anavyosindikiza mgeni.

Miaka ikapita, Brenda akafika kidato cha tatu. Kaka yake Kibet akapata mtoto wa kwanza, na akina mama wakajaa nyumbani kwake Kapsoya, mjini Eldoret. Kogo, ambaye sasa macho yake yalikuwa yamefifia, ndiye aliyeshika kikebe cha ugoro. Hata hakuwa amekifungua. Alikuwa anakohoa tu asafishe koo, aanze na jina la baba mkwe wake, mtoto akapiga chafya moja kubwa.

Wakaangua kicheko. Shangazi mmoja akasema hiyo haihesabiki, ni baridi ya Eldoret, waanze upya. Brenda akamwona Kogo akirudisha kikebe mfukoni polepole, uso umetulia. Kisha akamvuta Brenda karibu, akamwambia sikioni:

"Ulitaka kujua yule wa pangoni anaitwa nani. Haitwi. Huyo huja bila kuitwa."