Mafuta Yameshaingia Tangini

Dada wa Pampu Namba Mbili amewajazia watu mafuta miaka kumi na moja, na mdomo wake hauna breki. Siku kituo kilipoanza kupokea malipo ya simu tu, babu mmoja, fundi bomba, alikuja na pikipiki yake chakavu. Kwa mazoea, Dada alijaza kwanza, ndipo akauliza malipo. Babu akatoa noti. Simu hana.

Meneja akatoka mbio. "Taslimu hatupokei! Pikipiki inabaki hapa."

"Mwanangu, naenda kazini," babu akasihi. "Hii si hela?"

"Sheria ni sheria, mzee. Na wewe dada, ukibisha, kazi huna."

Damu ilimchemka Dada. Akafungua tangi la pikipiki, akachukua kipande cha mpira wa maji, akamkabidhi meneja mbele ya foleni nzima.

"Kama hela yake haifai, bosi, basi mafuta yetu yarudi. Nyonya!"

Foleni ikaangua kicheko. Meneja aliutazama mpira, akaichukua noti. Babu akaondoka zake.

Dada hakucheka hata kidogo. "Na kesho akija mwingine asiye na simu, nimfukuze?" alimfokea.

Meneja alikuwa ameshajifungia ofisini.