Mwenye Kofia Si Yeye

Watoto walimwita Mwalimu Kofia, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwenye kona ya darasa la kwanza, juu ya zulia lililochakaa, aliweka kapu kubwa la kofia: ya askari aliyoishona mwenyewe, ya mpishi iliyotengenezwa kwa karatasi ngumu, ya dereva, kilemba chekundu alichokikata kwenye pazia kuukuu, na kofia ndogo ya sufu ya kitoto. Kila asubuhi, kabla vitabu havijafunguliwa, watoto walichagua kofia na mchezo ukaanza. Leo soko, kesho hospitali, keshokutwa kituo cha polisi. Kanuni ilikuwa moja tu, na kila mtoto aliijua: mwenye kofia si yeye. Utakachosema ukiwa umeivaa ni maneno ya kofia, na ukiivua hakuna wa kukuuliza.

Walimu wenzake walimtania. "Wewe mwenzetu unalipwa kwa kucheza," mwalimu wa darasa la tatu alimwambia. Yeye alicheka tu, maana alijua anachofanya. Mtoto anayeogopa kujibu swali akiwa yeye mwenyewe atalijibu vizuri akiwa daktari. Basi sifa zikaenea, akaitwa kwenye semina kuwafundisha wengine, na tusifichane, kichwa kilimvimba kidogo. Na katika kila semina mfano wake ulikuwa Kimya.

Kimya alikuwa msichana wa kiti cha karibu na dirisha, na jina hilo walimpachika wenzake. Muhula wa kwanza wote hakutoa neno. Ukimwita, anatazama vidole vyake. Mama yake, mtu wa haraka haraka, alimleta asubuhi na kumchukua mchana bila kukaa kuongea na mtu. Halafu siku moja mtoto akajifunga kilemba chekundu, akashika kiuno mbele ya muuzaji wa sokoni na kusema, "Baba, nyanya zenyewe zimeoza, nipunguzie." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Kofia aligeukia ubao akajifuta machozi. Tangu hapo Kimya aliongea, ila chini ya kofia tu.

Sasa sikia alivyoharibu.

Asubuhi hiyo watoto walikuwa wanacheza nyumba. Kimya alivaa kilemba, akamchukua mwanasesere wa soksi na kumtikisa. "Nimesema mara ngapi?" alifoka, kwa sauti ambayo hakuna aliyedhani anayo. "Masikio umeazima? Haya, ukutani! Na usigeuke mpaka nikwambie!" Akamsimamisha mwanasesere uso ukutani, akafuta viganja pajani, akaenda zake.

Damu ilimchemka Mwalimu Kofia. Kumbe! Kumbe ndiyo maana mtoto wa watu haongei. Akamvuta pembeni, kilemba kikiwa bado kichwani, akamwuliza, "Mama anakufanyia hivyo nyumbani?"

Kimya alimtazama. Akakivua kilemba polepole, akakirudisha kwenye kapu, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Kanuni ilikuwa imevunjwa, na mtoto alilijua hilo mapema kuliko mwalimu. Siku hiyo hakusema tena, wala siku iliyofuata, na mwalimu akaona hayo ni ushahidi zaidi. Akamwomba mwalimu mkuu amwite mama.

Mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Alikuwa anafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Shingoni alijifunga skafu nyepesi. Aliinamisha kichwa kuwasalimu, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama, sikukuita nikuaibishe," alianza Mwalimu Kofia, "lakini mtoto ametuonyesha kila kitu." Mama akafungua mdomo. Mwalimu akainua mkono. "Ngoja kwanza, nikuonyeshe."

Maana ndivyo alivyofundisha siku zote: cha kuonyeshwa hakisimuliwi. Akamtoa mwanasesere kwenye mkoba, akasimama katikati ya ofisi, akamtikisa. "Nimesema mara ngapi? Masikio umeazima? Haya, ukutani! Na usigeuke mpaka nikwambie!" Kabati la bati likaitikia. Akambandika mwanasesere ukutani, akafuta viganja pajani, na kwenye sketi yake nyeusi ikabaki michirizi miwili ya chaki, juu ya mingine ya jana.

Mwalimu mkuu alikuwa anatazama meza yake. Mwalimu Kofia alibaki ameshika soksi ile shingoni, na hapo ndipo alipojisikia. Sauti ile hakuitafuta. Ilikuja yenyewe, kama inavyokuja kila mchana, kapu likishafunikwa, hesabu zikishatolewa, na watoto wamechoka naye amechoka.

Mama alifungua skafu. Kooni palikuwa na kovu refu. Alipoongea ilitoka pumzi tu, ikabidi wote wawili wainame kumsikia.

"Mwalimu, mimi nilipasuliwa koo huyu hajaanza hata kutembea. Sauti sina. Nikimtaka, nagonga sufuria kwa kijiko." Akapumzika kidogo. "Hayo maneno nayajua. Akirudi huwa anaipanga mito sakafuni na kuifokea hivyo hivyo. Nikimwuliza, ananiambia anacheza shule."

Mwalimu mkuu alikohoa. "Darasa lako na ofisi yangu ni ukuta mmoja, mwalimu," alisema, akaishia hapo.

Mwalimu Kofia alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakujua amweke wapi yule mwanasesere. Alikuwa amemwita mwanamke asiye na sauti aje ashtakiwe kwa kufoka. "Nisamehe, mama yangu," alisema, na hata samahani yenyewe ilitoka kubwa mno kwa ofisi ile.

"Hamna neno," mama alinong'ona, huku akifunga skafu. "Ila tangu juzi haiongeleshi hata mito. Hiyo mito ndiyo iliyokuwa inatuchangamshia nyumba. Nirudishie hiyo tu."

Jioni, mezani kwake, Mwalimu Kofia alimwuliza mumewe, "Hivi mimi huwa nafoka?"

Mumewe alisitisha tonge. "Nikujibu kama mume, au nikujibu ukweli?"

Aliisukuma sahani, akaenda kukaa uani peke yake. Alikumbuka semina zote zile, makofi yote yale, na mfano wa Kimya aliouzungusha kila mahali. Aliona haya hadi akajifunika uso kwa mikono, ingawa uani hapakuwa na mtu wa kumwona.

Wiki nzima Kimya hakulisogelea kapu. Wenzake walimchagulia hata kofia ya askari, ambayo wengine huigombania, akatikisa kichwa. Mchana, kwenye hesabu, Mwalimu Kofia aliongea taratibu sana, watoto wakatazamana, wakadhani anaumwa.

Hatimaye asubuhi moja alikaa kwenye zulia pamoja nao. "Leo nasema bila kofia," alisema. "Kimya alicheza, mimi nikamwuliza maswali. Nilivunja kanuni. Na yale maneno mabaya hayakuwa ya mama yake. Ni yangu. Mnayajua wote." Mtu mzima anayeomba radhi hawakuwahi kumcheza, na hawakujua anajibiwa nini.

Kimya aliinuka. Akaenda kwenye kapu, akajifunga kilemba chekundu. Kisha akachukua ile kofia ndogo ya sufu, akaja kumvisha mwalimu. Ilimkaa utosini tu.

"Wewe mtoto," alisema Kimya. "Nenda ukutani. Piga magoti, watoto si warefu. Na usigeuke mpaka nikwambie."

Darasa zima lilishusha pumzi. Sauti ilikuwa imerudi, na ilikuwa ileile.

Mwalimu Kofia alipiga magoti, uso ukutani. Kutoka huko chini hakuwahi kuuona ukuta ule. Rangi ilikuwa imesuguliwa na vipaji vya nyuso. Palikuwa na alama za kucha, vifaranga vilivyochorwa kwa ncha ya penseli, vistari vya mtu aliyekuwa akihesabu kitu, na chini kabisa nyumba ndogo yenye mlango wazi. Vilikuwa vingi, vya mikono tofauti, vya miaka yake yote ya kufundisha, na kila kimoja kilichorwa na mtoto aliyekuwa anasubiri aambiwe ageuke. Aliposoma ukuta huo machozi yalimwagika, akayaacha.

Kengele ya mapumziko ililia. Alisikia viatu vidogo vikikimbilia nje, kimoja baada ya kingine, mpaka vikabaki vya mtu mmoja tu nyuma yake, vimesimama. Hakugeuka. Alikuwa bado hajaambiwa.