Mtoto Asiye wa Mtu

Nilikuwa chumba cha juu, nimejifungia, naandika makala kuhusu uhuru wa mtoto, nilipogundua kwamba mtoto wangu mwenyewe hayupo. Nikashuka ngazi. Mama yangu alikuwa ukumbini akichagua mchele. Nilipomuuliza mjukuu wake yuko wapi, akajibu kwamba kenda kuteza, ndiyo kucheza kwa Kiamu. Na nani?

"Na Mungu," akasema, akaendelea kutoa chuya.

Binti yangu ana miaka minane, kazaliwa na kukulia Ujerumani, na tulikuwa na siku chache tu tangu kufika Amu, mji nilikozaliwa. Kule, mwalimu hamkabidhi mtoto kwa mtu ambaye hakuandikishwa. Kuna siku nilichelewa kumchukua, nikamwomba jirani tuliyepakana naye ukuta anisaidie. Shule ikakataa kumtoa. Nilikasirika sana. Sasa, nikikimbia vichochoroni bila viatu, niliwaona walimu wale kuwa ni malaika.

Kilichonishtua zaidi ni utulivu wa kila niliyemuuliza. Mwenye duka alisema amepita, naye kampa peremende. Fundi cherehani alimwona na peremende hiyo, akamkanya asile akitembea. Hakuna aliyeinuka. Mwenye punda mmoja alinitazama miguu, akauliza, "Bwana, aliyepotea ni mtoto au ni wewe?" Wote barazani wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia mama yake, aliyebaki kule kazini.

Nilimkuta mtaa wa Mkomani, ndani ya nyumba iliyoachwa mlango wazi. Amekalishwa mkekani, nywele zimepakwa mafuta ya nazi na kusukwa upya, mkononi ana kipande cha mkate wa sinia. Pembeni yake bibi mmoja mzee anajifuta macho kwa ncha ya leso.

Bibi huyo alimkuta mlangoni pake, akamuuliza swali ambalo kila mtoto wa Amu huulizwa kabla hata salamu hazijesha: u mwana wa nani? Binti yangu akamjibu, kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi, "Mimi si wa mtu. Mimi ni wangu mwenyewe."

Jibu hilo hufundishwa darasani kule, na nyumbani nililikazia mimi, kwa fahari. Kwa yule bibi lilikuwa na maana moja tu: yatima. Akamwingiza ndani, akamlisha, na nilipofika alikuwa ameshaamua kumlea.

"Na wewe u mwana wa nani?" akaniuliza, mkono wake ungali begani kwa mtoto.

Nikamwambia nafundisha chuo kikuu, Ujerumani.

"Sikukuuliza kazi."

Nikamtaja mama yangu. Akanikagua kuanzia mvi hadi vidole vya miguu.

"Ah. Mwizi wa kunazi."

Nilikuwa na umri kama wa binti yangu aliponikamata juu ya mkunazi wake. Alinichapa, akanikokota kwa sikio hadi kwetu. Mama akamshukuru, akamkaribisha kahawa, kisha akanichapa tena. Nilivuka bahari kutafuta mahali ambapo sikio langu si mali ya mtaa. Nikapapata. Na sasa nimesimama mbele ya mwanamke yule yule, nashukuru kwamba mtaa haujaacha tabia yake. Makala yangu ingekuwa mkononi, ningeificha.

Bibi akamgeukia mtoto. Huyu ni baba yako? Ndiye. Basi u wa nani?

Binti yangu alifikiri, tena kwa muda mrefu kuliko anavyostahili baba aliyekimbia peku.

"Mimi ni wangu," akasema. "Na yeye pia ni wangu."

Bibi akalitafuna hilo kidogo. "Basi mshike mkono, asipotee tena."

Akanishika. Kwenye kona ya pili nilitaka kupinda kulia, akanivuta kushoto. Ndiyo iliyokuwa ndia ya kwetu.