Dakika Ishirini za Kwenda Unguja

Mdogo wangu Zuhura alikuwa anaolewa Unguja, nyumbani kwa ami Khamis, mdogo wake marehemu baba. Kwa kuwa baba hayupo, walii, yaani wa kumuozesha, nilikuwa mimi. Ndoa ilipangwa baada ya sala ya alasiri. Mke wangu, mama Sabra, akasema twende na boti: kutoka dukani kwetu Kariakoo hadi bandarini unaweza kutembea, na baharini ni kama saa mbili. Nikamwonea huruma. Ndege ni dakika ishirini! Walii mzima, mwenye heshima zake, afike shughulini ametapika?

Saa nne asubuhi, Kariakoo. Nilipanda bajaji na kanzu yangu mpya kwenye mfuko wa plastiki. Mkokoteni uliojaa marobota ya vitenge ulikuwa umepasuka tairi katikati ya mtaa.

"Bosi, uwanja wa ndege mbali," dereva akaniambia, tukiwa bado tunauona mlango wa duka langu. Nikamshukuru kwa elimu hiyo.

Saa sita, uwanjani. Tukatangaziwa kwamba ndege ya saa saba itachelewa kidogo. Hicho kidogo kilikuwa na afya njema. Kilinenepa mbele ya macho yetu. Saa tisa mama Sabra akapiga simu. Ameshafika Unguja kwa boti yake, ameshaoga, anachambua mchele.

"Upo wapi, baba Sabra?"

"Karibu napaa."

"Kwa hiyo bado uko Bongo."

Baadaye akapiga ami Khamis.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Shehe anasema unifanye wakili wako kwa simu, nimuozeshe mimi. Zuhura hataki. Anasema aliyemlea ni wewe, na yeye haolewi kwa simu."

Nikamwomba wanisubiri. Baba alipofariki, Zuhura alikuwa darasa la pili, na shuleni nilikuwa nampeleka mimi.

Saa kumi na moja, angani. Ilikuwa dakika ishirini kweli, sikumdanganya mtu. Nilipewa peremende, na kabla haijayeyuka tukatua.

Unguja, magharibi inakaribia. Wageni walinitazama kama mtu aliyewafichia pilau yao. Bwana harusi alikuwa anapepewa. Nikaingia chumbani kwa Zuhura. Wanja ulikuwa umemtiririka hadi mashavuni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unaridhia nikuozeshe?"

"Naridhia. Niliwaambia utakuja."

Nikakaa mbele ya bwana harusi, nikamshika mkono. Shehe alinitamkia maneno mara mbili ndipo nikaweza kuyafuata.

Kesho yake tulirudi kwa boti. Mama Sabra alikuwa na nafasi ya kunisema njia nzima. Badala yake akanimenyea chungwa, na hilo ndilo lililoniuma.

Nimejifunza kwamba tiketi inakuambia ndege itakaa angani muda gani. Haikuambii nani amekaa upande wa pili, hataki kuinuka mpaka ufike. Zuhura sasa ni mjamzito, na ameshaniita kwenye akika ya mtoto. Nimemwambia nitalala kwake tangu siku itakayotangulia.