Unga Mweupe kwenye Sakafu ya Dansi

Nilijua kucheza walzi, lakini upande wa kike tu.

Shuleni tulikuwa wavulana watupu. Mwalimu wetu mmoja alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na kitabu chenye picha za nyayo, nyeusi za mwanamume na nyeupe za mwanamke. Kila Ijumaa baada ya masomo alitupanga wawili wawili katika chumba cha kulia. Warefu walikuwa wanaume, wafupi walikuwa wanawake. Mimi nilikuwa mfupi kuliko wote, kwa hiyo miaka minne nilishikwa mgongoni na kusukumwa nyuma, mguu wa kulia kwanza, moja, mbili, tatu. Nilirefuka nilipofika chuoni, na chuoni hakuna aliyenialika kucheza.

Mwaka juzi, nilipoandika barua ya kuomba kazi Nakuru, niliandika kwamba ninajua dansi za kisasa. Niliifikiria sentensi hiyo siku mbili kabla ya kuipeleka posta. Haikuwa uongo, na hilo ndilo lililonisumbua. Kama ingekuwa uongo ningeifuta nikalala.

Kazi yenyewe ilikuwa ya msaidizi wa ukumbi katika mtaa wa Waafrika, kwa majaribio ya miezi mitatu. Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa, na mtu wa kabila letu asiye na karatasi ya mwajiri hakuruhusiwa kukaa mjini. Askari wakimkuta, anapandishwa lori. Nilikuwa naliona lori hilo hata nikioga. Tena Mama, aliyekuwa akiwapikia chai wapasuaji mbao kule Elburgon, alikuwa ameshawatangazia wote kwamba mwanawe ni ofisa. Wiki ya mwisho ya majaribio, Bwana Maendeleo, yule Mzungu aliyesimamia kumbi zote za Waafrika, aliingia ofisini kwangu bila kuvua kofia.

"Jumamosi saa nane mimi kuja na memsahibu," alisema. "Wewe eleza watu historia ya dansi ya kisasa. Dakika kumi. Halafu wewe fungua dansi na walzi. Kama mzuri, mimi tia sahihi."

"Na kama si nzuri, Bwana?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua likikosa kuchomoza itakuwaje. "Wewe soma mpaka chuo," alisema. "Itakuwa mzuri."

Hotuba haikunitisha sana. Kufikia Jumatano nilikuwa na kurasa kumi na mbili. Nilianza na majumba ya wafalme wa Ulaya, nikaja kwenye walzi, nikaja kwenye mambo mapya. Katika maktaba ya chuo niliwahi kusoma kwamba huko ng'ambo walitokea wanawake waliochoka na viatu vya kubana, wakavivua, wakacheza pekupeku jukwaani, wakasema hiyo ndiyo dansi ya kisasa. Sentensi hiyo niliiandika, nikaifuta, nikairudisha, nikaifuta tena. Mlangoni mwa ukumbi kulikuwa na kibao kisemacho bila viatu hakuna kuingia, na ni mimi niliyelipwa kukilinda. Nilikuwa nimewarudisha watu nyumbani kwa ajili ya kibao hicho. Ningewaambiaje sasa kwamba usasa ni kuvua?

Miguu ndiyo iliyonitisha. Nilijaribu kuigeuza kichwani. Kulia iwe kushoto, nyuma iwe mbele, anayesukumwa asukume. Nilichora nyayo kwa chaki chumbani kwangu, nikazikanyaga, nikajikwaa. Niligundua kwamba wawili wakifika kwenye kona wakageuka, mwanamume huenda nyuma kwa muda, basi nikapiga hesabu ya kucheza konani tu. Halafu nikafikiria kusingizia malaria.

Ijumaa mchana nilijifungia ukumbini, nikakumbatia kiti. Kumbe mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

"Mwalimu, hicho kiti kimekukosea nini?"

Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanawake waliokutana hapo kila Jumanne na walioniita Mwalimu kwa kuwa nimesoma chuo, mwanamke mrefu aliyefanya kazi katika kiwanda cha pareto. Mumewe alikuwa kizuizini mwaka wa tatu. Yeye ndiye niliyempanga tufungue naye dansi, kwa kuwa ndiye pekee ambaye sikuogopa kumwomba.

"Ninafanya mazoezi," nilisema.

"Unacheza kama bibi harusi anayeogopa mama mkwe."

Nikamwambia yote, shule, wafupi, nyayo nyeupe. Alicheka mpaka akakikalia kiti changu. Halafu akafuta macho kwa leso.

"Unaanza mguu gani?"

"Wa kulia. Nyuma."

"Basi tuko sawa. Mimi naanza wa kushoto. Mbele."

Sikuelewa. Akasimama, akanishika mgongoni kama nilivyoshikwa shuleni. "Mwalimu, Jumanne unafikiri tunacheza na nani? Waume zetu wako kambini. Tunashikana wenyewe. Mimi mrefu, mimi ndiye bwana."

"Na walzi ulijifunza wapi?"

"Kwa mama yangu. Alikuwa yaya wa Mzungu kule Subukia. Wao wakicheza sebuleni, yeye amesimama ukutani na sinia, anaangalia miguu. Akirudi kwenye nyumba za wafanyakazi anatuonyesha. Hiyo iko kwa hotuba yako?"

"Haiko."

"Kurasa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili, na haiko," alisema, akaanza kuhesabu moja, mbili, tatu.

Tulicheza urefu wote wa ukumbi. Miguu yangu ilikumbuka kila kitu. Tulikubaliana kwamba mbele za watu mikono ingekaa ya kawaida, wangu mgongoni kwake, wake begani kwangu, lakini yeye ndiye angeongoza kwa kunisukuma kidogo kwa goti.

"Na watu wakiona miguu?" niliuliza.

"Watu huangalia uso. Wewe tabasamu tu."

Usiku huo nililala kwa muda wa saa tatu nzima, jambo ambalo lenyewe lilinitia wasiwasi.

Jumamosi nilifika ukumbini saa saba na nusu nikakuta sakafu imekuwa nyeupe. Mpiga kodiani wetu, mzee aliyechimba udongo mweupe kule Kariandusi na kupiga muziki mwisho wa wiki, alikuwa anamwaga wa mwisho kutoka kwenye gunia.

"Nimekuletea zawadi, kijana! Unga wetu ule. Kiatu kitateleza kama sabuni."

Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Mzee alikuwa ametembea juu yake kwenda na kurudi, na kila hatua yake ilionekana, kisigino na ncha, alikotoka na alikokwenda. Mtu yeyote angeweza kuisoma. Nilikimbilia ufagio. Nje, gari la Bwana Maendeleo likazimwa.

Hotuba ya dakika kumi niliimaliza kwa nne. Nilisema wafalme, nikasema walzi, nikaona viti vimejaa watu waliovaa viatu vyao vizuri na mimi naangalia sakafu. Mzee wa kodiani akapaza sauti kutoka nyuma:

"Na sisi tuliotoka vitani na kodiani, hatumo?"

"Mmo," nilisema. "Na yaya wa Subukia yumo." Hakuna aliyenielewa isipokuwa mtu mmoja, ambaye tayari alikuwa amesimama.

Sahani ya walzi ikaanza kuzunguka kwenye gramafoni ya ukumbi. Nilitabasamu kama nilivyoagizwa. Tulipofika kona ya kwanza kiatu chake, cha kuazima, kiliteleza kwenye unga. Alikivua kwa kukirusha, akarusha na cha pili, akaendelea bila kukosa hesabu. Sasa nyuma yetu kulikuwa na mistari miwili iliyo wazi kabisa, miguu mitupu ikienda mbele, na viatu vya mwanamume vikirudi nyuma mbele yake ukumbi mzima. Memsahibu alikuwa ameacha kutuangalia sisi. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Anaona," nilinong'ona.

Mwenzangu akageuza kichwa kwenye benchi la wanawake wa Jumanne. "Ingieni!"

Waliingia wote, wawili wawili, mwanamke na mwanamke. Kwa kuwa kiongozi wao alikuwa pekupeku nao wakavua. Mzee akaidaka walzi kwa kodiani, na kwa mizunguko miwili hapakuwa na mstari wowote uliobaki sakafuni, ni vumbi tu na vidole vya miguu.

Bwana Maendeleo alikuja mpaka katikati, uso mwekundu.

"Nini hii? Viatu wapi?"

Maisha yangu yote nimefikiri kabla ya kusema. Mara hiyo mdomo ulitangulia.

"Hii ndiyo dansi ya kisasa yenyewe, Bwana. Huko ng'ambo wanawake wanacheza pekupeku jukwaani. Imeandikwa kitabuni. Kwenye hotuba niliiruka."

Alimgeukia mkewe. Memsahibu alisema maneno machache kwa Kiingereza, kwamba ni kweli, aliwahi kuwaona London, na kwamba tiketi ilikuwa ghali. Bwana Maendeleo akatafuta kalamu. Alitia sahihi juu ya meza ya chai, na karatasi yangu mpaka leo ina alama ya kidole cheupe pembeni.

Walipokuwa wanaondoka, maana ilibidi watu wote wawe wamefika makwao kabla ya kafyu ya usiku, memsahibu alisimama karibu nami akasema polepole, "Wewe fuata mzuri sana."

Sijui kama alimwambia mumewe. Kwa miaka miwili nimeigeuza sentensi hiyo kila upande. Lakini jioni ile lililonikaba lilikuwa jingine. Chini ya sahihi kulikuwa na kazi yangu mpya kwa maandishi, kuwafundisha dansi wanaume wa mtaa, kuanzia Jumatano.

Jumanne saa tisa nilikwenda ukumbini, nikaacha viatu vyangu mlangoni chini ya kibao, nikasimama mwisho wa mstari wa wanawake. Mwenyekiti alinitazama juu mpaka chini.

"Leo unataka upande gani, Mwalimu?"

"Wako," nilisema.

Akampa ishara mwanamke mfupi kuliko wote aje anishike bega.

"Kushoto," alisema. "Mbele. Na usiangalie chini."

Niliangalia chini.